1282: Gwynedd ilishinda Moel-y-don, mbona ikaanguka?

Kaskazi:
Wakuu, naomba tujadili vita vya 1282 kati ya Uingereza na Gwynedd, utawala wa Wawelisi wa kaskazini mwa Wales. Katikati ya Juni jeshi la Waingereza lilipigwa karibu na Llandeilo Fawr, kusini. Novemba 6 kikosi cha Waingereza chini ya Luke de Tany kikaangamia Moel-y-don, kaskazini. Haukupita muda, Desemba 11 mtawala wa Gwynedd, Llywelyn ap Gruffudd, akauawa karibu na Cilmeri, na kufikia kiangazi cha 1283 mambo yote yamekwisha. Walioshinda mapigano mawili makubwa hivyo walipotezaje nchi? Swali la pili: shambulio la ngome ya Hawarden nalikuta limeandikwa Machi 1281 kwingine, Machi 1282 kwingine. Nifuate lipi?

Nahodha77:
Mkuu, weka kisiwa cha Anglesey katikati ya ramani yako. Gwynedd bara ni milima, nchi ya ng'ombe na kondoo. Nafaka yake ilitoka kisiwani. Edward wa Kwanza, mfalme wa Uingereza, alilijua hilo tangu 1277, alipopeleka meli pamoja na wavunaji 360 wakakata mazao ya Anglesey wakayachukua. Novemba hiyo hiyo Llywelyn alikubali masharti ya amani ya Aberconwy, bila pigano kubwa hata moja.

Mwaka 1282 mfalme akarudia mbinu ile ile, safari hii akaongeza daraja. Tany alikiteka kisiwa, kisha zikapangwa mashua kuvuka mlangobahari wa Menai unaotenganisha kisiwa na bara, zikafungwa pamoja na kutandikwa mbao juu. Nia ilikuwa mfalme asukume kutoka mashariki, Tany atokee nyuma ya milima, Wawelisi wabanwe katikati. Tany hakungoja. Alivuka wakati Askofu Mkuu Pecham wa Canterbury bado anatafuta suluhu kati ya pande mbili. Watu wake wakaingia bara mbali na daraja, Wawelisi wakawashukia kutoka mlimani, na walipokimbia kurudi wakakuta maji yamejaa, yamewatenga na daraja. Menai hujazwa na bahari kutoka ncha zote mbili na mkondo wake ni mkali. Mtu aliyevaa deraya ya chuma hapo haogelei. Tany mwenyewe alizama.

Sasa angalia kisichobadilika: baada ya ushindi huo Anglesey ilibaki mikononi mwa Waingereza. Wawelisi walizuia kuvukwa, ila nafaka hawakuirudisha, na baridi ndiyo inaanza.

Kalamu_Kavu:
Nakubaliana na Nahodha kuhusu nafaka, lakini mimi naipa fedha uzito zaidi. Mazoea ya vita vya zamani yalikuwa kwamba bwana mwenye ardhi anamtumikia mfalme siku 40, kisha anarudi kwake. Wawelisi walizoea kujificha milimani mpaka baridi imfukuze adui. Edward aliivunja hesabu hiyo kwa mishahara: askari wa miguu alilipwa peni 2 kwa siku, mikopo ikatoka kwa wenye benki wa Kiitalia, Riccardi wa Lucca, na askari wengine wakaletwa kutoka Gascony, jimbo la Edward huko Ufaransa. Baridi ilipofika, jeshi halikuondoka.

Ndiyo maana Llywelyn alimwachia mdogo wake Dafydd ulinzi wa milima, akashuka upande wa Builth, katikati ya Wales. Roger Mortimer, bwana mkubwa wa mpaka ule, alikuwa amefariki Oktoba, kwa hiyo palionekana pana upenyo wa kupata watu na kufungua uwanja mwingine wa vita. Kwangu ule ulikuwa uamuzi wa busara. Kukaa Snowdonia, yaani kwenye milima hiyo ya Gwynedd, kulikuwa kusubiri njaa. Tena kabla ya hapo alikuwa ameahidiwa ardhi Uingereza yenye mapato ya pauni 1,000 kwa mwaka ili aiache Gwynedd. Akakataa.

Kaskazi:
Lakini Dafydd si alibaki hai? Kwa nini watu hawakumfuata yeye?

Kalamu_Kavu:
Walimfuata baadhi. Tatizo ni kwamba 1277 Dafydd alipigana upande wa Edward dhidi ya kaka yake, ingawa ndiye huyo huyo aliyeivamia Hawarden na kuwasha vita vya 1282. Na Llywelyn hakuacha mrithi wa kiume. Mtoto wake pekee, Gwenllian, alizaliwa Juni 1282 na mama yake, Eleanor de Montfort, akafa katika uzazi huo. Ngome ya Dolwyddelan ikaanguka Januari 1283, Castell y Bere Aprili, Dafydd akakamatwa Juni na kuuawa Shrewsbury Oktoba 3.

Daftari:
Kuhusu tarehe: zote mbili ni usiku ule ule. Uingereza ya wakati huo mwaka mpya ulianza Machi 25. Hawarden ilivamiwa usiku wa Machi 21, mkesha wa Jumapili ya Matawi, kwa hiyo makarani waliuhesabu bado ni 1281. Kwa hesabu yetu andika 1282. Ukikuta hati inayotaja mwaka wa utawala, Edward alihesabu miaka yake kuanzia Novemba 20, 1272. Mwaka wake wa 10 basi unaanza Novemba 20, 1281 na kuishia Novemba 19, 1282. Hawarden na Moel-y-don zimo humo. Kifo cha Llywelyn kimeingia mwaka wa 11. Ukitafuta hati zote chini ya mwaka mmoja wa utawala, Desemba hutaiona.