Jezi za michoro ya Waaborijini Australia: heshima au biashara?

Jogoo wa Melbourne: Wakuu, kila mwaka huku AFL, ligi ya mpira wa miguu wa Kiaustralia, ina raundi ya Sir Doug Nicholls, mchezaji wa zamani Mwaborijini. Timu zote 18 zinavaa jezi zenye michoro ya Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres Strait, na kila jezi ina hadithi yake: mto, ukoo, mnyama wa kabila. Timu ya Melbourne raundi hiyo hujiita Narrm, jina la Kiaborijini la eneo la Melbourne. Dukani jezi zinagombaniwa. Lakini Adam Goodes, mchezaji Mwaborijini, alicheza ngoma ya vita baada ya kufunga goli kwenye raundi hiyo hiyo mwaka 2015, akazomewa mpaka akastaafu. Mimi nasema ni biashara. Nipingeni.

Chuma cha Pua: Zile doti doti ni urembo tu mkuu. Ukipigwa umepigwa, mchoro haukuongezei pointi.

Binti Kisauni: "Urembo tu"! Kaka, jezi ya kriketi Australia waliyoivaa Desemba 2020 dhidi ya India, mmoja wa waliobuni ni Fiona Clarke, kilembwe wa mchezaji wa kikosi cha Waaborijini kilichokwenda Uingereza mwaka 1868. Mechi 47, kabla ya timu nyingine yoyote ya Australia kuvuka bahari. Mwenzao mmoja, King Cole, alifia London. Huo ndio urembo wako? Halafu doti zenyewe ni za watu wa jangwa la kati, kama wa kijiji cha Papunya. Arnhem Land wanachora mistari ya kukatizana. Kusini-mashariki walikuwa wanachonga maumbo ya almasi kwenye ngao.

Chuma cha Pua: Kumbe! Basi timu ya kusini ikivaa doti za jangwani imeiba? Dada umejifunga mwenyewe.

Binti Kisauni: Anachora mwenye asili yake, kwa jina lake, na analipwa. Wizi ni ule wa Mwingereza kutaka kusajili jina la kikoi chetu liwe mali yake. Ulikuwa wapi wakati ule?

Mkongo wa Brisbane: Ndugu zangu, bendera ya Waaborijini mmeisahau. Harold Thomas aliichora 1971. Baadaye kampuni ya watu wasio Waaborijini ikapata leseni ya kuiweka kwenye nguo, ikawaandikia barua za onyo kwa kuitumia hadi AFL wenyewe. 2020 raundi ikachezwa bendera haipo uwanjani! Serikali ikaja kuinunua mwaka uliofuata kama sikosei.

Binti Kisauni: Januari 2022. Zaidi ya dola milioni 20 za kwao.

Chuma cha Pua: Milioni 20 kwa rangi tatu. Huyo mzee ndiye mjanja wenu, watu wake wanalia yeye anahesabu.

Mkongo wa Brisbane: Chunga mdomo. Kachora kwa mkono wake, mahakama ikathibitisha 1997 kwamba ni kazi yake. Hapo kuna ujanja gani? Mzungu akiuza nembo mnamwita mfanyabiashara.

Jogoo wa Melbourne: Na Goodes je? Mbona hakuna anayemjibu Goodes?

Mama Zuhura: Wanangu, mnazungumzia wanaume tu. Donnell Wallam, Mwaborijini wa timu ya taifa ya netiboli, 2022. Mdhamini, kampuni ya madini Hancock Prospecting, anataka kumwaga dola milioni 15. Sasa Lang Hancock, mwenye kampuni wa zamani, aliwahi kusema kwenye televisheni mwaka 1984 kwamba maji ya Waaborijini yatiwe dawa wasizae. Binti akaomba acheze na jezi isiyo na nembo ile. Wachezaji wenzake wakasimama naye, kampuni ikaondoka na hela zake. Ndiyo jezi hiyo. Hadithi iko kwenye nembo pia.

Chuma cha Pua: Mama shikamoo, lakini aliyesema ni marehemu. Bosi wa sasa ni bintiye. Kosa la baba linamhusu nini? Chama cha netiboli kilikuwa na madeni, mtu mmoja kawanyima wenzake mkate.

Mama Zuhura: Marahaba. Huyo bintiye aliombwa tu ayakane maneno ya baba yake. Kuyakana kunagharimu shilingi ngapi?

Binti Kisauni: Na huyo "aliyewanyima mkate" aliingia robo ya mwisho dhidi ya Uingereza, mechi yake ya kwanza, akafunga la ushindi.

Chuma cha Pua: Netiboli nayo mnaiita mchezo? Ukidaka mpira unaganda kama umeona nyoka.

Mkongo wa Brisbane: 😂😂 Umeyatafuta mwenyewe.

Jogoo wa Melbourne: Wakuu, mada jamani. Heshima au biashara?

Mama Zuhura: Subiri kwanza mwanangu. Wewe Chuma, mimi nimecheza mlinzi wa goli miaka ya ujana, timu ya wilaya. Taja uwanja na siku. Uje na magoti yako mazima.

Chuma cha Pua: Mama, nina kazi Jumamosi.

Mama Zuhura: Nimesema siku yoyote.