Mwanakupona, Salme au Mwamvua: jina lipi kwa binti yetu?

BabaK_Tanga: Assalaam alaykum. Tumejaliwa binti, njiti, kilo 1.6. Mama yake amekuwa akimbeba kifuani ngozi kwa ngozi, usiku tunapokezana. Sasa ana kilo 1.9 na ananyonya mwenyewe. Akika ni Ijumaa, siku ya 21. Mimi nataka Mwanakupona, maana huyu ni mwana aliyepona. Mke wangu anapenda Salme. Mama mkwe kashikilia Mwamvua, kwa kuwa mtoto kazaliwa usiku wa masika na mvua haikukatika hadi alfajiri. Nisaidieni maana na asili.

Ukili: Hongereni sana, Mungu amkuze. Mwamvua ni mwana wa mvua, kama Mwamvita wa wakati wa vita, Mwanaidi wa sikukuu, Mwanahamisi wa Alhamisi. Kwetu bibi ndiye Mwamvua wa mwisho. Mimi niko na mama mkwe.

MwanaWaAmu: Baba K, Mwanakupona haliendi kama Mwamvua. Huku Lamu na Pate "Mwana" ni neno la heshima, hutangulia jina la mwanamke kama "Bwana" kwa mwanamume. Jina lenyewe ni Kupona. Mwana Kupona binti Msham alikuwa mke wa Bwana Mataka wa Siyu, yule aliyepambana na Seyyid Said. Mwaka 1858 alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utenzi wa beti zaidi ya 100, wa kumuusia dini na maisha ya ndoa. Aliutunga akiwa mgonjwa, na ndani yake mna dua nyingi. Alifariki yapata 1860.

Helsinki_Pwani: Salme ni Salma kwa matamshi ya Unguja ya zamani, lina asili ya Kiarabu, la salama. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, alizaliwa Mtoni mwaka 1844 na baadaye akaishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete. Ila Finland na Estonia Salme ni jina lao pia, la bibi wazee. Binti yangu anaitwa hivyo, na kila kliniki wanamsemesha Kifini kabla hawajamtazama. Nalipenda, lakini halisemi ametoka wapi.

BabaK_Tanga: Mke wangu amesoma hapa akanyamaza. Anauliza: mwenye jina la Kupona hakupona?

MwanaWaAmu: Hakupona, dada yangu, sikufichi. Lakini nyanya yangu, ambaye hakujua hata herufi moja ya kizungu, alikuwa akizisoma beti zile kwa ghaibu huku anasuka mkeka, nami nimekaa miguuni pake nikimchambulia miyaa. Kwangu jina hilo lina sauti ya mama anayemwita mwanawe akae karibu.

Ukili: Hapo umenigeuza. Ila liandikwe neno moja. Shangazi yangu Mwanaidi alikatwa jina mara mbili kwenye cheti, "Mwana" huku na "Idi" kule, akahangaika miaka kulirekebisha.

BabaK_Tanga: Ahsanteni nyote. Mama mkwe tumemwomba radhi, na Mwamvua litakuwa la kumwitia nyumbani. Sasa hivi mke wangu amechukua kadi ya kliniki, akaandika kwa penseli: Mwanakupona, neno moja. Wino ni Ijumaa.