Mjadala: Wanaoshona mavazi ya mchezo ni walewale wanne. Mpaka lini?

Bi_Pindo:
Wakuu habari za jioni. Jambo hili nalileta hapa hadharani kwa sababu kwenye kundi letu la simu kila nikiligusa linazimwa.

Kwa wasiotufahamu: tuko Dar, kikundi cha kujitolea, tunacheza mchezo wa uhusika. Hakuna jukwaa wala watazamaji. Tunaingia kambini Ijumaa jioni, kila mmoja anakuwa mtu mwingine, nahodha, kadhi, mganga, mfanyabiashara, na anaishi hivyo mpaka Jumapili mchana. Mchezo ujao ni mji wa pwani wa kubuni, miaka ya 1880. Wachezaji kama arobaini, na wote lazima wavae wafanane na mji huo.

Wanaoshona ni wanne. Mara iliyopita tulitoa kanzu, vizibao, joho la liwali na suruali za marinda za mabibi wa nyumba kubwa. Ambaye hajawahi kushona marinda ajue: kila mguu unameza kitambaa, unakikunja kunjo kwa kunjo, unakishikiza kwa mkono kwanza ndipo kiende kwenye cherehani, na uzi ukivutika vibaya kunjo zote zinalala upande mmoja, unafumua unaanza upya. Mchezo wenyewe tuliuingia hoi. Mwenzetu alisinzia mbele ya kadhi na yeye ndiye mshtakiwa.

Napendekeza hivi. Asiyeshona atoe elfu ishirini, tumlipe fundi wa mtaani. Asiye na pesa aje apige pasi, atie vifungo, akunje pindo. Asiyetaka yote mawili ajivalishe mwenyewe. Naomba kuwasilisha.

Nahodha_wa_Kilwa:
Elfu ishirini kwa jambo la kujitolea? Ada ya kambi natoa, nauli ya Bagamoyo natoa. Mimi ndiye ninayebeba mahema kila mchezo na sijawahi kumdai mtu hata soda. Kila mtu anatoa alichojaaliwa. Halafu ukweli usemwe, dada zetu kushona mnapenda wenyewe. Mkikaa pale ni stori na chai mpaka usiku. Leo imekuwa mzigo?

Binti_Tanga:
"Mnapenda wenyewe." Umetuuliza lini? Ile chai nani alinunua sukari? LUKU ya pasi nani aliweka? Kaka, mahema unayabeba Ijumaa na Jumapili, kati ya hapo uko kwenu umelala. Kanzu uliyovaa wewe nimeitengua kwapa mara mbili kwa sababu ulituma vipimo vya miaka ile ulipokuwa mwembamba.

Nahodha_wa_Kilwa:
Mambo ya mwili wangu yanahusianaje na mada?

Mkwezi:
Yanahusiana, maana wewe ndiye uliyeinua mikono kumpiga upanga jambazi na kanzu ikapasuka mbele ya liwali.

Fundi_Barazani:
Ndugu zangu, mimi si mwanakikundi, nasoma tu. Nimekaa barazani na cherehani tangu nimalize darasa la saba, na marehemu baba alikuwa fundi wa kanzu. Piteni Kariakoo, shukeni Mtaa wa Uhuru, hesabuni waliokaa kwenye mashine nje ya maduka ya vitambaa. Wanaume wako wengi. Mteja akileta kitambaa tunapatana bei, anaacha chochote, anarudi siku ya ahadi. Hakuna mteja aliyewahi kuniambia nishone bure kwa kuwa napenda. Na kweli naipenda kazi yangu. Sasa nauliza, kwa nini nikikaa mimi ni kazi, akikaa dada huyu ni stori na chai?

Nahodha_wa_Kilwa:
Fundi, wewe uko kwenye biashara, sisi ni kikundi. Usilinganishe. Na suala la mahema naona watu wanalipita. Hema moja la turubai likilowa mvua hamlibebi hata mkiwa wanne. Msimu uliopita mgongo ulikaza wiki nzima.

Msafiri_Hamburg:
Salaam kutoka baridini. Huku Ujerumani michezo hii ni mikubwa, mingine inakusanya maelfu ya watu uwanjani na mahema yao. Utaratibu niliouona ni huu: mchezaji anayelipa kiingilio kamili anakuja na vazi lake, awe ameshona, amenunua au ameazima. Kuna kundi jingine, wanaoigiza wanyang'anyi, askari, mazimwi, wanaotumwa huku na huku na waandaaji. Hao hulipa kidogo, na mara nyingi huvalishwa kutoka ghala la kikundi. Nguo za ghala zinakatwa kubwa, zina kamba za kukazia kiunoni, hazina vipimo vya mtu. Zikirudi zinafuliwa, zinawekwa kwenye makasha yenye alama. Kwa hiyo kinachoshonwa kwa pamoja ni ghala, mchezaji mmoja mmoja anajitegemea. Bi_Pindo, nadhani kosa lenu ni kumshonea kila mtu kwa kipimo chake.

Binti_Tanga:
Kosa letu tena. Tumeshona bila malipo na kosa ni letu.

Msafiri_Hamburg:
Dada yangu, sikusema kwa ubaya. Nazungumzia utaratibu.

Mkwezi:
Huko kwenu kila mtu ana kipato cha kununua vazi la mchezo. Hapa nusu ya kikundi ni wanafunzi wa chuo. Ukisema kila mtu ajitegemee, umewafukuza.

Mwalimu_Mstaafu:
Vijana, hamkuanza ninyi. Someni habari za ngoma ya beni. Ilianzia pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, ikashuka mpaka huku Tanganyika. Kulikuwa na Marini na Arinoti, vyama viwili vinavyoshindana. Watu walikuwa na vyeo vya kijeshi, wana mfalme wao, madaktari, manesi, wanapiga gwaride na ngoma kwa sare kamili. Mwanachama wa beni alikuwa mpishi au mchukuzi mchana, jioni ni jenerali. Mnachofanya kambini kina tofauti gani? Na wale walikuwa na michango. Chama kilikusanya, kilizika, kiliuguza, na sare zilipendeza hasa kwa sababu mpinzani alikuwa anatazama. Mtu aliyekuja na koti lisilo na vifungo aliwaaibisha wenzake wote. Kwa hiyo mchango si ugeni, mwanangu Nahodha.

Nahodha_wa_Kilwa:
Shikamoo Mwalimu. Beni walikuwa na mashindano, sisi hatushindani na mtu. Tukubaliane tupunguze kazi basi, wala haihitaji vikao. Wanaume shuka ya marekani, kile kitambaa cha pamba kisicho na rangi, kiunoni na kofia. Akina dada doti moja ya kanga kila mtu, kanga kila nyumba ipo, hakuna cha kushona. Imekwisha.

Mjukuu_wa_Ngamiani:
Kanga yenye maneno, mwaka 1885? Mtatuchekesha.

Nahodha_wa_Kilwa:
Kanga ni vazi la pwani tangu enzi na enzi.

Mjukuu_wa_Ngamiani:
Si enzi na enzi. Miaka hiyo ya 1880 ndiyo kwanza inaanza. Wanawake walikuwa wananunua leso za mraba zilizochapwa, zinakuja zimeungana kama mkanda, wanachukua sita, wanazikata tatu tatu, wanaziunganisha zinakuwa shuka moja. Baadaye wenye viwanda wakachapa kitambaa kizima. Maneno yaliingia karne ya 20 imeshaanza, tena kwa herufi za Kiarabu kwanza. Mtu akija kambini na kanga imeandikwa "Japo sipati tamaa sikati" kwa herufi za Kirumi, mimi siwezi kukaa naye kwenye mchezo.

Leso_Mombasa:
Nyie wa bara mwapenda kutufundisha leso zetu, hizo mwaziita kanga. Maneno yaliletwa na Kaderdina Hajee Essak hapa Mombasa, ndiye Abdulla wa "Mali ya Abdulla" mnayoiona pembeni mwa leso mpaka leo. Bibi yangu alikuwa akinunua dukani kwao, havai nyingine.

Mjukuu_wa_Ngamiani:
Sijakataa. Hivyo ndivyo isimuliwavyo. Na biashara yake ilianza 1887, miaka miwili baada ya mwaka wa mchezo wetu. Umenisaidia hoja.

Leso_Mombasa:
Sijakusaidia. Mji wenyewe ni wa kubuni, mwasema. Mwenye kubuni mji ashindwa kubuni leso?

Mkwezi:
Hapo kanena.

Mjukuu_wa_Ngamiani:
Hapana. Tukianza kusema "ni ya kubuni" basi mtu atakuja na raba na miwani ya jua. Vazi likikosea, akili inatoka kwenye mchezo. Nimeona kadhi aliyetoa hukumu nzuri kabisa, watu wanalia, halafu simu ikaonekana kwenye mfuko wa kanzu ina mwanga. Ilikwisha pale pale. Vazi la kweli la mwanamke wa kawaida miaka ile ni kaniki, kitambaa cheusi-buluu, au marekani. Kaniki haina mapambo, bei yake nafuu, inataka kukunjwa pindo tu. Hii ndiyo rahisi kuliko zote.

Binti_Tanga:
Kaniki lilikuwa vazi la watumwa. Unataka tuvae hilo sisi, na ninyi mvae majoho?

Mjukuu_wa_Ngamiani:
Lilivaliwa pia na maskini waungwana, kazini, shambani. Na utumwa ulishapigwa marufuku 1873.

Leso_Mombasa:
1873 walifunga soko la watumwa Unguja. Mtumwa aliyekuwa kwa bwana wake alibaki huko huko. Unguja na Pemba amri ilitoka 1897, huku kwetu Mombasa 1907.

Mwalimu_Mstaafu:
Na Tanganyika ni 1922, chini ya Mwingereza. Leso_Mombasa yuko sahihi. Niongeze hapa jambo linalopuuzwa. Baada ya 1897 waliokuwa watumwa Unguja waliivua kaniki kwa makusudi. Wanawake wakachukua kanga za rangi, wanaume wakachukua kanzu na kofia walizokuwa wamekatazwa au wasizozimudu. Nguo ilikuwa tangazo: mimi sasa ni mtu kamili. Kwa hiyo Binti_Tanga akikasirika hana makosa. Mnapogawa kaniki na marinda kambini mnagawa heshima, si vitambaa.

Binti_Tanga:
Asante Mwalimu. Sasa niulize mbele za watu. Mara iliyopita Bi_Pindo alivaa nini?

Mkwezi:
Alikuwa mpishi, sikumbuki.

Binti_Tanga:
Alikuwa aingie kama mke wa nahodha. Ameandika mhusika wake, ana siri yake, ana barua ya kuficha. Kitambaa chake cha marinda kilikwenda kwa mgeni aliyejiandikisha Jumatano na kusema hana vazi. Bi_Pindo akajifunga mabaki ya marekani, akaingizwa jikoni kwa mchezo wote. Aliyeshona nguo za mabibi watatu alipika wali wao. Na mabibi hao hakuna hata mmoja aliyetia kifungo. Mnajadili 1885 na 1887, hili hamlioni?

Mjukuu_wa_Ngamiani:
Hili ni suala la ugawaji wa wahusika, ni la waandishi wa mchezo. Mimi nilikuwa nazungumzia usahihi wa mavazi.

Fundi_Barazani:
Mkuu, ugawaji na ushonaji ni kitu kimoja hapo. Aliye na sindano huwa anabaki wa mwisho kujivisha, sisi mafundi tunalijua, sikukuu inatukuta na nguo za watu. Lakini mimi siku ya Idi nimeshalipwa.

Nahodha_wa_Kilwa:
Nauliza, je, wabeba mahema nao watalipwa? Maana sasa naona kila kazi inatafutiwa bei. Tukifika huko kikundi kimekufa. Mimi nilijiunga kwa sababu ni sehemu pekee katika maisha yangu ambako hakuna anayeniuliza nina shilingi ngapi. Kazini ni pesa, nyumbani ni pesa, harusini ni pesa, kadi ya mchango inakufuata mpaka msikitini. Pale kambini mimi ni nahodha, basi. Msiniharibie.

Mkwezi:
Hiyo nimekuelewa kaka, kweli.

Binti_Tanga:
Nimekuelewa pia. Na mimi nataka kufika kambini nikiwa mtu mwingine. Nafika nikiwa fundi, nina sindano kwenye ukosi, watu wananifuata na zipu zilizokatika usiku wa manane. Hakuna zipu miaka ya 1880 lakini mmetia zipu.

Mjukuu_wa_Ngamiani:
Nani ametia zipu?

Leso_Mombasa:
Haya, sasa twaanza zipu.

Msafiri_Hamburg:
Narudia pendekezo la ghala. Ukubwa wa aina tatu, vifungo vya kamba, hakuna zipu, hakuna kipimo cha mtu. Kanzu ishirini zikishonwa vizuri mara moja mnazitumia miaka.

Fundi_Barazani:
Kwa kanzu za namna hiyo ukikunja kitambaa safu kadhaa unakata kwa mkasi mkubwa mara moja. Kukata ndiko kunataka fundi. Kuunga ubavu hata asiyejua atajifunza, ni mstari ulionyooka. Shingo na kwapa aachiwe anayejua.

Mjukuu_wa_Ngamiani:
Shingo ya kanzu ya wakati ule haikuwa kama ya sasa, angalieni picha za zamani za Unguja, darizi yake ni ya mkono na ina kishada.

Bi_Pindo:
Nimesoma zote. Nilileta swali la nani atashona, nimepata historia ya kanga, nashukuru. Kanga zenyewe za mwanzo, kama Mjukuu anavyosema, zilikuwa leso zilizoungwa kwa mkono, kwa hiyo hata hiyo "hakuna cha kushona" ilikuwa na mtu na sindano.

Wazo la Hamburg nalichukua, na la Fundi pia. Jumamosi nakata kanzu za ghala, saizi tatu. Kukata tu. Kila atakayecheza atakuta mfuko wenye jina lake, ndani kuna vipande, uzi na sindano. Ubavu na pindo ni juu yake, awe mwanamume au mwanamke, mgeni au mwenyeji. Shingo na kwapa tutamalizia sisi kwa watakaokuwa wameunga ubavu. Elfu ishirini naiondoa, Nahodha amesema jambo lililonigusa. Marinda sishoni. Ya kwangu tu, na mara hii mimi ni mke wa nahodha.

Nahodha_wa_Kilwa:
Mke wa nahodha yupi?

Bi_Pindo:
Si wewe. Wewe njoo na vipimo vipya.

Leso_Mombasa:
Na leso zaruhusiwa au haziruhusiwi? Nataka kuja na mbili.

Mjukuu_wa_Ngamiani:
Zisizo na maneno.

Leso_Mombasa:
Nitazigeuza upande wa ndani.

Mjukuu_wa_Ngamiani:
Maneno yanaonekana pande zote mbili, kitambaa ni chepesi. Ngoja nilete picha.