Mnaojisomea ruqya wenyewe nyumbani, tupeane uzoefu

Assalam alaykum ndugu zangu. Uzi huu si wa kutafuta sheikh wala wa kubishana. Ni wa sisi tunaojisomea wenyewe ruqya, yaani aya za Qur'ani na dua za kujikinga na kujitibu.

Naanza mimi. Baada ya mimba yangu ya pili kuharibika nilikosa usingizi karibu mwaka mzima. Ikifika saa nane usiku macho makavu, moyo unanienda mbio. Mama mkwe akanipeleka kwa maalim mmoja hapa Tanga. Mara ya kwanza aliniandikia kombe: sahani nyeupe, zafarani, aya zimejaa mpaka ukingoni, akaiosha kwa marashi mawaridi nikanywa. Hapo sikuona ubaya. Mara ya pili akataka kaniki. Mara ya tatu jogoo mweusi asiye na doa, pamoja na jina la mama yangu mzazi. Shangazi aliposikia akaja juu: "Wewe si ulikhitimu msahafu? Hiyo Fatiha unayokwenda kusomewa kwa elfu hamsini si unayo kifuani?"

Akanikalisha. Kabla ya kulala natia udhu, nakusanya viganja, napuliza, nasoma Ikhlas, Falaq na Nas, halafu najipangusa kuanzia kichwani na usoni, kisha mwili hadi mikono inapofika. Mara tatu. Ndivyo Bi Aisha alivyosimulia kuhusu Mtume (s.a.w.). Namalizia na Ayatul Kursi. Wiki tatu za mwanzo hakuna kilichobadilika, nikataka kuacha. Shangazi alikuwa akinipigia simu kila baada ya isha kuuliza, "Umeshasoma?", kwa hiyo nilisoma kwa aibu tu. Mwezi wa pili ndipo siku moja nikaamshwa na adhana ya alfajiri. Na hospitali nilikuwa nimepewa vidonge vya kuongeza damu, nilivimeza vyote. Sitaki kukinyima kimojawapo haki yake.

Haya, wengine. Mnafanyaje, na mlikosea wapi?

*Dereva, Mombasa:*
Mimi ni wa ile ya mkono. Uthman bin Abil-As alimlalamikia Mtume maumivu ya mwili, akaambiwa aweke mkono panapouma, aseme Bismillahi mara tatu, kisha mara saba ajikinge kwa Allah na uwezo wake kutokana na shari ya anayoyapata. Nikawa nafanya hivyo nikiendesha lori la Malaba, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kiunoni upande wa kushoto. Maumivu yanatulia, najiona sheikh. Miezi minne sikwenda kupimwa. Siku moja Mtito Andei nilishuka kwenye gari nalia kama mtoto, mkojo una damu. Kumbe mawe ya figo. Kusoma sikuacha, lakini sasa na maji nakunywa na picha napigwa. Mke wangu mpaka leo akiniona nimeshika kiuno huuliza: "Unasoma au unaumwa?"

*Mpemba:*
Mwaka 1995, ule wa Popobawa, zimwi lililosemekana kuvamia watu usiku vitandani, nilikuwa na miaka tisa. Watu wazima wote wanalala uani, moto unawaka, hakuna anayekubali kuingia chumbani. Bibi yangu alikuwa hajui hata kuandika jina lake, lakini sura zile tatu alikuwa nazo. Alitupanga kwenye jamvi kama dagaa, wajukuu kumi na mmoja, akapita akitusomea na kutupuliza mmoja mmoja. Akifika mwisho anarudi kwa wa kwanza, keshasahau kama alimsomea. Mpaka leo nikisoma Qul a'udhu nasikia harufu ya tumbaku yake ya kutafuna. Habari za Popobawa aamini anayetaka. Usingizi tuliupata.

*Buyenzi, Bujumbura:*
Mie naweka Baqara ya kwenye simu usiku kucha, chini ya mto. Inafaa?

*Mwenye uzi:*
Kusikiliza kuna kheri yake, ila hapo anayesoma ni simu. Tena itoe chini ya mto, dada, zinapata moto hizo.

*Toronto:*
Shida yangu ni mkunazi. Nyumbani ni kuruka ukuta wa jirani tu: majani saba mabichi, unayatwanga, unayatia kwenye maji, unayasomea, unakunywa kidogo, mengine unaoga. Huku miti ya namna hiyo hakuna. Nikaambiwa maduka ya Wapakistani yana unga wake, wanaoshea nywele. Nikanunua pakiti bila kusoma maandishi ya nyuma. Ulichanganywa na hina! Nimetoka kuoga mabega mekundu kama bi harusi, na kesho yake nina mahojiano ya kazi. Halafu maji yaliyosomewa hayamwagwi chooni, na chumba changu kina bafu moja lenye choo ndani. Naoga ndani ya beseni kubwa, kisha nashuka nalo ghorofa nne kwenda kumwagia miti, usiku, kwenye theluji. Jirani Mzungu aliniuliza kama bomba langu limeharibika.

*Muuguzi, Dar:*
Ngoja niseme jambo hamjalisema. Ukijisomea peke yako, unajipima peke yako pia. Nilisikia kwamba ukipiga miayo na kutokwa machozi wakati wa kusoma, hilo ni jicho la mtu. Basi nikaanza kusoma huku najichungulia. Jumatatu miayo, Jumatano miayo. Nikawaza nani aliyekuja kwangu karibuni na kusifia. Wifi yangu! Alisema mtoto wangu ananona, hakusema mashallah. Nikakata mguu kwake, simu sipokei, mtoto nikamzuia kumwona shangazi yake. Mwaka mzima. Na miezi yote hiyo nilikuwa zamu ya usiku, nasoma nikitoka kazini saa mbili asubuhi. Ningeacha vipi kupiga miayo?

*Dereva, Mombasa:*
Hahaha, dada, pole. Afadhali mimi na mawe yangu.

*Mwenye uzi:*
Na wifi mmepatana?

*Muuguzi, Dar:*
Idi iliyopita. Nilimpelekea kaimati, akazitazama kwanza, akaniuliza: "Umezisomea nini hizi?"