Tulipeleka taarifa ya maandamano polisi, tukajibiwa hatuna kibali. Kibali cha nani?

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, mwenye haraka apite tu.

Huku kwetu uswahilini kuna kalvati lilikatika Aprili 2024, zile mvua ambazo hakuna mkazi wa Dar aliyezisahau. Ndilo lililokuwa linatuunganisha na barabara ya lami. Liliondoka usiku, asubuhi tukakuta nondo zinaning'inia na mtaro umegeuka korongo. Wiki hiyohiyo vijana wa kijiweni wakatandika mbao nne, wakazifunga kwa waya, wakaweka ndoo tupu ya rangi pembeni: mia mbili kwenda, mia mbili kurudi, mwanafunzi mwenye sare bure. Sina ugomvi nao. Hadi leo ndio mamlaka pekee ya barabara tuliyonayo, na ubao ukioza wanaubadilisha siku hiyohiyo. Lakini piga hesabu: 400 kwa siku, siku 26 za kazi, 10,400 kwa mwezi, mfukoni kwa mtu ambaye kila mwezi akinunua umeme anakatwa kodi ya jengo bila kuulizwa.

Gari halivuki, bajaji haivuki. Mwaka jana jirani yangu alishikwa na uchungu saa nane usiku. Tulimvusha amekaa kwenye kiti cha plastiki, wanaume wanne tumeshika miguu ya kiti, wa tano yuko mbele anarudi kinyumenyume na simu yenye tochi mdomoni. Katikati ubao mmoja ukalia. Hakuna aliyesema kitu. Mtoto alizaliwa salama, mtaani wanamwita Mbao na mama yake hapendi.

Barua tumeandika. Serikali ya mtaa, kata, hadi ofisi kubwa yenye viyoyozi. Majibu mnayajua: mko kwenye bajeti, mko kwenye mpango, mhandisi atakuja. Mhandisi alikuja kweli, akapiga picha, akalipa mia mbili akaondoka.

Februari mwaka huu mama mmoja muuza chapati akasema kwenye kikao, "Kama shida yao ni mbao, si tuwapelekee?" Watu wakacheka, halafu wakaacha kucheka. Tukakubaliana kila nyumba itoe ubao mmoja, Jumamosi tutembee kilomita moja na nusu hadi kwenye ile ofisi yenye viyoyozi, tuziweke getini, tuimbe kidogo, turudi nyumbani tukapike. Zikapatikana 31. Kina mama wakaandika juu yake kwa rangi. Bibi mmoja ameandika TUMECHOKA KULIPIA NJIA na herufi A zote zimegeuka juu chini.

Sasa mimi ndiye niliyejifanya msomi. Nikawaambia tufuate sheria. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Jeshi la Polisi, Sura ya 322: anayetaka kuitisha mkusanyiko au maandamano anapeleka taarifa ya maandishi kwa afisa msimamizi wa eneo, si chini ya saa 48 kabla. Jumatatu nikaipeleka mwenyewe kituoni, nikaomba muhuri kwenye nakala yangu. Jumatatu hadi Jumamosi, zaidi ya saa mia.

Ijumaa jioni napigiwa simu, njoo na wenzako wawili. Nikaenda na mjumbe wa shina pamoja na yule mama wa chapati. Afande alikuwa na adabu tu, sitamsingizia. Akamwamkia mama, akatupa viti. Kisha:

"Mzee wangu, kibali chenu kiko wapi?"

"Afande, sheria inataka taarifa. Taarifa hiyo hapo mezani, ina muhuri wenu."

"Hapa tunazungumzia kibali. Halafu hizi mbao ni za nini? Ubao wenye msumari ni silaha. Na tuna taarifa za kiintelijensia kwamba kuna watu wamepanga kudandia jambo lenu. Mnajua hali ilivyo sasa hivi."

Mama wa chapati akamwangalia. "Mwanangu, hiyo intelijensia imeshindwaje kuliona kalvati?"

Afande aliangalia chini, nadhani alicheka. Lakini jibu likabaki lilelile, na nyongeza kwamba tukitoka tutawajibika wenyewe.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi Defender mbili zikapaki ng'ambo, maana kuvuka haziwezi. Askari wakashuka wakavuka kwa mbao zetu mmoja mmoja, virungu mkononi. Vijana wa ndoo hawakuthubutu kudai mia mbili. Miaka karibu miwili hatujawahi kuona chombo cha dola kikifika kwenye kalvati lile, siku hiyo vilifika viwili kabla ya chai.

Kinachonichoma si kukataliwa tu, ni lile neno. Suala la kibali liliisha zamani! Mchungaji Christopher Mtikila aliipeleka serikali mahakamani mwaka 1993, na Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu Dodoma akaamua kwamba kumlazimisha raia aombe kibali polisi ili akutane na wenzake kunapingana na Katiba. Ndiyo maana sheria ikaja kusema taarifa. Polisi wanaweza kuzuia wakiona amani itavunjika, sawa, ila kuzuia kuna sababu zake kisheria, na asiyeridhika anakata rufaa kwa Waziri. Hebu fikiria, mama wa chapati akate rufaa kwa Waziri kwa sababu ya mbao 31.

Na Ibara ya 18 ya Katiba inasema kila mtu ana uhuru wa maoni na kuyatoa, ya 20 inazungumzia kukutana kwa hiari na kwa amani. Vyama vingi tunavyo tangu 1992. Ila mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilifungwa kwa tamko la mdomo, ikafunguliwa Januari 3, 2023 kwa tamko la mdomo vilevile. Tulishangilia kama tumepewa zawadi, kumbe tulirudishiwa chetu. Januari 2024 CHADEMA, chama cha upinzani, waliandamana hapahapa Dar, polisi wakasindikiza, jioni daladala zikaendelea na safari zake. Septemba mwaka huohuo wakataka tena, viongozi wao Mbowe na Lissu wakakamatwa. Kilichobadilika kwenye sheria ndani ya miezi nane ni kipi? Hakuna. Kilichobadilika ni hamu ya mkubwa.

Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, sitaisimulia hapa, kila mmoja wetu ana yake. Nitasema tu kwamba intaneti ilizimwa siku tano hivi, jiji likawekewa amri ya kutotoka usiku, na mimi ninayeuza vitenge kwa WhatsApp nilikaa ndani nikiangalia mzigo wa watu waliokwisha kulipa, sina hata namna ya kuwaambia niko hai.

Najua watakuja wale wa "nchi yetu ni kisiwa cha amani, kaa nyumbani hakuna atakayekugusa". Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT), hakuandamana. Februari 16, 2018 alikuwa kwenye daladala pale Kinondoni, polisi wakitawanya wafuasi wa upinzani, risasi ikamfuata kwenye kiti. Kwa hiyo msiniambie habari za kukaa nyumbani.

Na kuna wale wa "ungetumia njia sahihi". Njia sahihi ndiyo hiyo iliyopigwa muhuri Jumatatu, nakala ninayo, nimeficha jina la kituo kwa sababu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu cha taarifa za uongo, faini isiyopungua milioni tano, na hapa nchini uongo anautafsiri nani, mnajua. Hata hofu yenyewe naiandika kwa tahadhari. Mtu mzima, na mvi zangu.

Wanasheria mliomo humu, swali langu ni moja: afisa akidai kibali ambacho sheria haikitaji, nani anamwajibisha, na inagharimu kiasi gani? Sitaki ushauri wa kuandika barua nyingine.

Mbao zilibaki uani kwangu. Masika yameanza, juzi vijana wakaja kuomba sita za kubadilishia zilizooza, nikawapa. Leo asubuhi nimevuka juu ya ule wa bibi, maandishi yametazama juu, A zote juu chini, na tope limeshaanza kuyafuta. Nimetoa mia mbili nikaitia kwenye ndoo.