Tangazo linasema MG ya 1952, kadi inasema Volkswagen: nikague nini kabla ya kulipa?

Mwanga Sokoni
Wakuu, salaam. Kuna gari la wazi linauzwa Tabora mjini, tangazo limeandikwa "MG TD 1952". Kijani, milango miwili, taa kubwa za mviringo, tairi la spea limebandikwa mgongoni. Kadi inasema Volkswagen, mwaka 1971, cc 1584. Muuzaji anataka milioni 24 na anadai MG na Volkswagen ni kitu kimoja. Mimi niko Kigoma, nataka kupanda treni nikalione Jumamosi. Ni gari gani hasa hili, nishike wapi nikifika, na je, litafika Kigoma kwa magurudumu yake?

kobe1600
Mkuu, hiyo ni nakala, na MG haijawahi kuwa Volkswagen. TD halisi ilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1949 hadi 1953, zikatoka karibu 30,000. Injini iko mbele, cc 1250, inapozwa kwa maji, na mifupa ya bodi ni mbao zilizovalishwa bati. Hilo la Tabora ni bodi ya fiberglasi iliyokalishwa juu ya sakafu ya Volks kobe (Beetle), ambayo injini yake iko nyuma na inapozwa kwa hewa. Waliochagua sakafu hiyo hawakubahatisha: kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma TD ina milimita 2388, kobe 2400. Hata nguvu zinakaribiana, farasi 54 kwa 50.

Ukifika zunguka nyuma kwanza. Kwenye TD halisi lile boksi bapa lililobeba tairi la spea ndilo tangi la petroli. Kwenye nakala ya kobe ni kifuniko tu, ukikifungua unakutana na injini. Tangi liko mbele, nyuma ya rejeta ya mapambo ambayo haijawahi kuona tone la maji. Tazama na magurudumu: kama yana spoki, TD haikutoka kiwandani na spoki.

Kadi kuandikwa Volkswagen ndiyo salama yako. Ingeandikwa MG ndipo ungeogopa. Namba ya chasisi imegongwa juu ya lile handaki la katikati ya sakafu, sehemu ambayo kwenye kobe iko chini ya kiti cha nyuma. Hapo utaikuta nyuma ya viti viwili, chini ya kapeti. Kobe ya Ujerumani ya modeli ya 1971 namba yake huanza na 111. Ya injini imegongwa kwenye krenkesi (ganda la injini linalobeba krenki), chini kidogo ya kishikio cha dainamo. Zisome mwenyewe kwa tochi, futa kutu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, usikubali mtu apitishe msasa. Zikitofautiana na kadi, rudi stesheni. Zikilingana, mkataba uandikwe kwa wakili na uhamisho upite TRA kabla hujamaliza hela.

Bei sasa: unanunua Volks ya 1971 iliyobadilishwa nguo. Jadili hivyo.

Fundi wa Ujiji
Anza na sakafu, injini itasubiri. Injini ya kobe inashikwa na bolti nne tu, hata ikifa inashushwa na kutengenezwa. Sakafu ikioza chini ya fiberglasi, inabidi bodi nzima inyanyuliwe, na hapo ndipo magari haya hufia gereji.

Nenda na bisibisi bapa. Nyanyua makapeti, bonyeza kwa nguvu sehemu tatu: pale betri ilipokaa (kwenye kobe ni nyuma upande wa kulia, asidi hudondoka pale miaka yote), kwenye kingo ambako bolti za bodi zinapita, na mbele kabisa karibu na mhimili wa ekseli. Bati zima linarudisha bisibisi. Lililooza linatoa mlio wa kukwaruza na unga mwekundu. Usidanganywe na lami nyeusi iliyopakwa juu, hiyo mara nyingi ni blanketi la kuficha.

Kisha piga jeki katikati ya ubavu, chini ya fremu, gari linyanyuke kidogo, ufungue mlango na kuufunga. Bodi ya bati ya kobe ilikuwa inasaidia sakafu kukaza. Fiberglasi haisaidii, ndiyo maana nakala nzuri ina fremu ya chuma ya ziada pembeni. Mlango ukigoma kufunga gari likiwa juu ya jeki, sakafu inapinda.

Injini. Ifike ikiwa baridi, mwambie muuzaji asiwashe kabla yako. Shika puli ya krenki (ile inayozungusha mkanda wa feni) kwa mikono miwili, isukume ndani, ivute nje. Nafasi inayotakiwa ni milimita 0.07 hadi 0.13, yaani mkono hauhisi karibu kitu chochote. Ukisikia "tak" inayoeleweka umevuka 0.15, na hiyo dawa yake ni kufungua krenkesi, yaani injini nzima. Punguza bei au achana nalo.

Oili ni lita 2.5, haina filta ya karatasi, ina chujio la waya chini. Akikuruhusu kufungua kile kifuniko cha chujio (nati sita ndogo, gasketi mpya mbili), tazama vumbi la rangi ya shaba: hizo ni beringi. Nafasi ya tapeti za valvu ni milimita 0.15 injini ikiwa baridi. Muulize, kama kwa kupita tu, ni silinda ipi tapeti yake hubana kila mara. Akisema namba 3, valvu ya ekzosti inarefuka, na siku ikikatika inashuka na pistoni.

Upepo wa Malagarasi
Namba 3 haiugui bure. Kwenye injini za kabla ya modeli ya 1971 kipoza oili kimesimama juu yake ndani ya nyumba ya feni, kinamnyima upepo. Baadaye walikihamisha nyuma kwenye kijumba chake. Kadi kusema 1971 siyo ushahidi, injini hizi hubadilishwa, angalia kwa macho.

Lakini kwenye nakala ugonjwa mkubwa ni mwingine. Kobe huvuta hewa kupitia matundu chini ya kioo cha nyuma. Huyu hana kioo cha nyuma. Waliomuunda wanapenda umbo, matundu wanatoboa machache au wanayaficha nyuma ya tairi la spea. La pili, kuzunguka injini kuna mabati na ukanda wa raba unaotenganisha hewa ya juu, ambayo ni baridi, na ya chini iliyokwisha kupita kwenye silinda. Fiberglasi haina ule mdomo wa kushika raba, basi wanaiacha. Ingiza vidole pembeni ya injini: ukiona ardhi, feni inakunywa moto wake yenyewe.

Mwanga Sokoni
Nimempigia sasa hivi. Anasema "linachemka kidogo" mchana, kwa hiyo analiendesha kifuniko kikiwa kimeegeshwa kwa kijiti.

Upepo wa Malagarasi
Basi amekujibu mwenyewe. Ahueni inayokuja kifuniko kikiwa wazi maana yake matundu hayatoshi. Kuongeza matundu na kuunga raba ni kazi ya siku mbili. Ambacho hujui ni kilomita ngapi limetembea likiungua, ndiyo maana pima mgandamizo wa silinda zote nne. Moja ikiwa chini sana ya wenzake, hedi itashuka. Na mkanda wa feni ukiubonyeza kwa dole gumba ushuke kama milimita 15. Mkanda ukikatika simama papo hapo, hakuna maji ya kukuonya.

Taa Mbili
Nyongeza fupi. Fiberglasi haipitishi umeme, kila taa inahitaji waya wake wa athi (wa kurudisha umeme) hadi kwenye chasisi. Taa ikififia unapokanyaga breki, au indiketa zikiwaka pande zote, usinunue balbu, tafuta athi.

Mipira ya petroli karibu na injini badilisha yote siku ya kwanza, na filta isining'inie juu ya distributa (kigawa cheche). Krenkesi hiyo ni aloi ya magnesi na bodi ni rezini. Moto ukianza, mtungi wa unga una sekunde chache tu za kazi.

Upepo wa tairi: mbele psi 16 hadi 18, nyuma 26. Kijana wa pampu atataka kukujazia 32 kote. Mbele ni nyepesi, ukikubali gari litayumba kama mlevi.

kobe1600
Kuhusu kulileta Kigoma: Urambo, Kaliua, Uvinza, ni zaidi ya kilomita 400, na injini hujaijua. Mimi ningepakia kwenye lori.

Fundi wa Ujiji
Naunga mkono lori, ila kamba zifungwe kwenye ekseli na magurudumu. Kamba ikipita juu ya bodi, fiberglasi inapasuka kabla ya Urambo. Ufa wa juu juu wa rangi, ule wa umbo la nyota, si tatizo. Ufa unaopenya unazibwa kutoka ndani kwa mati (kitambaa cha nyuzi za fiberglasi) na rezini. Puti peke yake itatoka na mtikisiko.

Mwanga Sokoni
Nimeelewa, tochi, bisibisi na jeki viko kwenye begi. La mwisho: kioo cha mbele kina ufa kutoka kona hadi kona.

Fundi wa Ujiji
Kioo cha gari hilo ni bapa, hakina mkunjo hata kidogo. Fundi vioo anakukatia kile cha tabaka mbili, unafungua fremu, unakichomeka. Ndicho kitu rahisi kuliko vyote hapo. Kwenye bei kilalamikie kuliko vyote.