MMed Bara, COSECSA au nje? Nshakosa mara mbili, nataka ushauri wa kweli

Karafuu_MD (Chake Chake)
Assalaam alaykum wenzangu. Ntaandika kirefu, mnisamehe, nimekaa nalo hili moyoni muda mrefu.

Mie ni daktari wa kawaida, intanship nilimaliza zamani, mwaka wa nne huu nipo hospitali ya serikali huku Pemba. Nataka upasuaji. Msimu wa karafuu ukiingia wodi yetu inajaa watu walioanguka mikarafuuni, huyu kavunjika paja, yule uti wa mgongo, na mie nnachoweza ni kumtuliza maumivu, kumfunga vizuri na kuandika rufaa avushwe Unguja. Mwaka juzi nilimsindikiza kijana mmoja kwa boti, bahari imechafuka, kalazwa kwenye machela, kila wimbi likipiga ananikamata mkono ananiambia dokta usiniache. Nilivorudi ndio nikaanza kuaplai MMed, yaani masomo ya ubingwa.

Mara ya kwanza transkripti ilichelewa kutoka nilikosoma, mpaka inafika portali ishafungwa. Mara ya pili jina likatoka! Mama akapika, akagawa kwa majirani. Lakini ruhusa ya masomo na ufadhili havikutoka kwa wakati, na ada mfukoni sina, nikaandika barua kuomba niwekewe nafasi mwaka unaofata, sikujibiwa, nafasi ikapotea. Mpaka leo watu wakinikuta sokoni wananiuliza "kwani hujaondoka?"

Sasa nina mawazo matatu. Nirudie MMed Bara, au niingie COSECSA (chuo cha wapasuaji cha kanda yetu) nisome nikiwa kazini, au nianze mitihani ya Marekani au Uingereza. Nina miaka 32, nina mke na mtoto mmoja. Aliyepita njia yoyote katika hizi naomba aniambie kama ilivyo, asinipambie.

DktChwaka
Waalaykum salaam kaka. Mie nipo Muhimbili, mwaka wa pili MMed, na mie mara ya kwanza nilikosa.

Kwanza uelewe tofauti moja ambayo watu huichanganya sana. Marekani na Uingereza residenti, yaani daktari anaesomea ubingwa, ni muajiriwa, analipwa mshahara. Huku kwetu residenti ni mwanafunzi, analipa ada na koli (zamu za dharura) anapiga vile vile. Kwa hiyo huku kuchaguliwa ni nusu ya safari, nusu ya pili ni nani anakulipia na mshahara wako unaendelea au hauendelei. Wewe hukufeli udahili, umekwama kwenye ruhusa. Haya ni maradhi mawili tofauti na dawa zake mbali mbali.

Nnavokushauri: barua ya ruhusa usisubiri jina litoke. Masomo yanaanza Oktoba, wewe barua yako iwe mezani Januari, ipite kwa mkuu wako wa kituo, iende juu, na kila inapopita wewe uwe na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Mie ya kwanza niliiacha ijiendee yenyewe, ikalala kwenye faili miezi mitano. Ya pili niliifuata kwa miguu yangu, kila wiki mbili nipo mlangoni, kwa adabu lakini nipo.

Na usiaplai chuo kimoja. Watu wa Zanzibar tukisema MMed tunaona Muhimbili tu kwa sababu ukishuka boti umefika. Kuna Bugando Mwanza, kuna KCMC Moshi, kuna Dodoma, kuna Kairuki. Maisha ya Moshi na Dodoma nafuu kuliko kutafuta chumba Upanga, hapa kodi inakula mshahara wote.

Jambo jengine ambalo lilinishtua mie: afya si jambo la Muungano. Usajili wako wa Baraza la Madaktari la Zanzibar ni wa Zanzibar, ukienda kushika wagonjwa Bara unahitaji Baraza la Madaktari Tanganyika. Kama hujasajiliwa huko anza leo hii, usije ukapata nafasi halafu ukakwama kwenye leseni.

binti_wa_Wete
Kaka yangu wa Chake, mie ntakuhadithia ya Marekani kwa sababu nimeipita na nimeanguka.

Nilifanya Step 1, mtihani wa mwanzo wa leseni ya kule, tayari ishakuwa ya kufaulu au kufeli tu bila alama (wamebadilisha toka Januari 2022), kwa hiyo uzito wote umehamia Step 2 CK, mtihani wa pili, pale alama zako zinaonekana na ndio unapimwa kwazo. Kila mtihani karibu dola 1,000 na zaidi, bado nauli, bado OET ya Kiingereza, bado cheti cha ECFMG (wanaothibitisha madaktari waliosomea nje), bado pesa za kutuma maombi kila hospitali. Miaka mitatu ya akiba yangu na dhahabu ya mama yangu zilikwenda humo.

Maombi yanatumwa Septemba, usaili unaendelea mpaka Januari, halafu wewe unaandika orodha ya hospitali unazozitaka na wao wanaandika orodha ya madaktari wanaowataka, kompyuta inalinganisha. Mfumo wa toka 1952 huo. Kama utajaribu basi andika orodha kwa mpangilio wa unavopenda kweli, usiandike kwa kukisia nani atakutaka, maana hesabu zenyewe zimetengenezwa ili anaesema kweli asipate hasara. Mie nilipata usaili wa sehemu mbili tu, na mbili ni chache mno.

Majibu yanatoka Jumatatu, wiki ya tatu ya Machi. Siku hiyo wanakwambia tu umepata au hukupata, wapi utajua Ijumaa. Mwaka wangu ulikuwa 2024, Jumatatu ya tarehe 11, siku zile zile za mwezi wa Ramadhani kuandama. Jirani zetu wapo uwanjani wanaulizana kama mwezi umeonekana, mie nimejifungia chumbani na simu. Nilisoma ule ujumbe mara nne. Baadae kuna siku tatu nne za kugombania nafasi zilizobakia, wanaita SOAP, nikatuma kote, hakuna alienipigia. Mwaka ule katika wageni 100 waliosomea nje walipata kama 58. Ukiisikia hii 58 unaiona kubwa, lakini mie nilikuwa miongoni mwa wale 42, na huko hakuna anaekwambia kwa nini.

Ukipata nayo, viza ya J-1 inataka barua ya Wizara ya Afya ya nchi yako, na ukimaliza unatakiwa urudi nyumbani miaka miwili. Na mambo ya viza yanabadilika muda wowote, hilo lipo nje ya mikono yako kabisa.

Sikwambii usiende. Nakwambia mwenye mke na mtoto na akiba ndogo asiiweke hii kuwa tegemeo lake la pekee.

Mkunazini_89
Uingereza kwa ufupi: PLAB 1 na 2, mitihani yao ya madaktari waliosomea nje, nimefaulu, ya pili lazima uende Manchester hakuna pengine. GMC, baraza lao la madaktari, wakanisajili. Halafu kazi ndio hakuna. Miezi minane natuma maombi, majibu yale yale ya samahani. Nafasi za ubingwa 2025 waombaji zaidi ya 30,000 wanagombea kama 10,000, na serikali yao imeshasema wa kwao waliosomea kule watangulizwe. Na mie nawaelewa, ni nchi yao. Nimerudi, naaplai Dodoma mwaka huu. Kama hujaanza usianze sasa hivi.

thieta_namba_mbili
Dk. Karafuu, mie ni mwanafunzi wa COSECSA, mwaka wa tatu. Naona wote wamekupita hapo.

COSECSA ni chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kipo toka 1999, ofisi zake Arusha, lakini madarasa hakina. Unasomea hospitali unayofanyia kazi, chini ya mpasuaji aliekubaliwa kuwa mkufunzi, kila operesheni unaiandika kwenye logibuku ya mtandaoni, mwalimu wako anaidhinisha. Miaka miwili ya mwanzo unapata MCS (uanachama), halafu unaendelea mpaka FCS (ubingwa wenyewe), kwa upasuaji wa jumla yote jumla miaka mitano. Mitihani ya kuandika Septemba, ya mdomo na wagonjwa Disemba, na Disemba hiyo unasafiri nchi inayoandaa.

Uzuri wake kwa mtu kama wewe: ruhusa ya masomo ya miaka huhitaji, mshahara wako upo, mtoto wako anakuona (akiwa macho ukirudi!). Ada ipo lakini si ya kulinganisha na chuo.

Ugumu wake usiuchukulie wepesi. Moja, hospitali lazima iwe na kibali cha COSECSA na mkufunzi awepo kweli. Huko uliko kama hakuna basi utahitaji uhamisho kwenda panapo kibali, na uhamisho nao ni barua nyengine. Pili, wewe bado ni muajiriwa, kwa hiyo wodi inakutaka, kliniki inakutaka, na kitabu kinakutaka saa tano usiku. Hakuna anaekwambia leo usije kazini kasome. Mie mtihani wa MCS nilifeli mara ya kwanza kwa sababu hii hii, nilikuwa nasoma nimesimama. Tatu, kabla hujalipa hata shilingi, muulize muajiri wako kwa maandishi kama FCS ataitambua kukupandisha daraja la bingwa.

Bi_Fatma_wodi7
Mie muuguzi, mtanisamehe kuingia mazungumzo ya madaktari. Nimefanya kazi na wanaosubiri nafasi kama wewe mwanangu, wengi. Kuna wanaosubiri wakiwa wamekata tamaa, anakuja kazini kama mtu anaengoja gari. Na kuna mmoja alikuwa kila wakija wapasuaji wageni anaomba zamu ya thieta, hata ya kushika ndoano tu masaa sita. Miaka miwili hivo hivo. Alipofika huko alikokubaliwa tayari mikono inajua. Wewe Mkoani si mbali, pale Abdalla Mzee timu ya Wachina ipo, hawa wapo nasi Zanzibar toka 1964. Nenda siku zako za mapumziko.

Konde_msomi
Kaka hebu fikiria kubadili fani. Usingizi (wa kulaza wagonjwa wa operesheni), patholojia, huko wanaogombea wachache na ufadhili unatafuta watu. Upasuaji kila mtu anautaka. Utakuwa bingwa miaka mitatu minne ijayo badala ya kusubiri mlango mmoja.

thieta_namba_mbili
@Konde_msomi hapo kidogo sikubaliani nawe. Fani ya usingizi naiheshimu sana, bila wao mie sifungui tumbo la mtu, lakini usimpeleke mtu huko kwa kuwa foleni fupi. Atakaa nayo miaka 30.

Konde_msomi
Sikusema aende bila kupenda. Nimesema afikirie. Mie mwenyewe nilitaka uzazi, nikaingia usingizi kwa kukosa, na leo ukinipa uzazi siutaki. Mtu hajui atapenda nini mpaka akifanye.

ex_Khartoum
Mie sina ushauri, nataka tu kusema nakuelewa. Vita ya Sudan ilipoanza Aprili 2023 nilikuwa mwaka wa mwisho wa udaktari kule, tukarudishwa nyumbani na begi moja, karatasi zangu zilibaki kule. Kukusanya uthibitisho wa nilichosoma imenichukua muda kuliko nilivofikiria, wenzangu niliomaliza nao skuli sasa ni madaktari na mie bado natafuta saini. Kila karatasi uliyonayo leo iskani, weka sehemu tatu.

Karafuu_MD
Wallahi nimesoma yote, nyengine mara mbili. Dada wa Wete, ya Machi 11 nimeisoma na mke wangu, kakupa pole sana.

DktChwaka umenifungua macho. Nilikuwa najiona nimefeli mara mbili, kumbe ya pili nilifaulu na karatasi ndio haikutembea. Marekani na Uingereza naziweka kando. Konde_msomi, nimekufikiria kwa dhati, lakini nikifumba macho namuona yule kijana wa botini, kwa hiyo mwaka huu bado ni upasuaji. Naaplai KCMC, Bugando na Muhimbili, barua ya ruhusa naiandika wiki hii, usajili wa Tanganyika naanza Jumatatu. Na pamoja na hayo nataka kuuliza ya uhamisho kwenda hospitali yenye kibali cha COSECSA, ili Oktoba ikipita bila kitu nisibaki mikono mitupu.

Bi Fatma, Jumamosi hii sina koli. Nakwenda Mkoani.

Swali moja limebaki: ile barua ya ruhusa, uliandika kuomba ufadhili humo humo au mbali?

DktChwaka
Mbali. Ruhusa barua yake, ufadhili barua yake, maana zinakwenda meza tofauti na ukizichanganya moja inaizuia mwenzake. Nitumie meseji ya ndani ntakupa nakala ya yangu, ubadilishe jina na tarehe tu. Na weka ndani barua yako ya mwaka jana ya kukubaliwa, hata kama imepita muda, waone ulishapata.

binti_wa_Wete
DktChwaka na mie nitumie hiyo nakala. Naaplai tiba ya ndani, mwaka huu huu.